Saundi Kadi ya Tundu Moja

Siku ya msiba wa mzee, wanawake tulijipanga mkekani uani, na kama ilivyo desturi, mama mmoja wa makamo akasimama kumwombea marehemu radhi. "Jamani, binadamu hatuachi kukosea. Kama kuna aliyekwazwa naye, tunaomba amsamehe." Wote wakaitikia kwamba wamemsamehe. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi, nikaikodolea macho ile chai mpaka yule mama alipokaa. Mjane wake, ambaye namwita Bibi ingawa hatuna undugu wowote, aliniona. Akanisogezea sahani ya mihogo ya kuchemsha.

Nimemkasirikia mzee yule, na sioni kwa nini nifiche. Waliokuja kumzika walisema alikuwa mcheshi, mkarimu, mtu asiyekosa swala ya alfajiri, na yote hayo ni kweli. Lakini alikuwa pia mbishi wa kupindukia, bahili wa kile alichokijua, na amekwenda kaburini na kitu ambacho nilimwomba kwa heshima zote aniachie.

Hapa Kilwa Masoko tulimwita Mpiga Solo. Jina lake analo, lakini hata imamu akitaka kumtania alimwita hivyo hivyo. Enzi zake alipiga gitaa kwenye bendi Dar es Salaam, wakati ambapo bendi zilikuwa za mashirika na mwanamuziki alipata mshahara kama karani. Kwa asiyeujua muziki wa dansi, gitaa la ridhim ndilo linalorudia mdundo ule ule tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha, na gitaa la solo ndilo linalozungumza juu yake. Mimi nilikuwa ridhim wake. Nilimpigia kwa miaka mingi katika chumba chake cha mbele, hatua chache nyuma ya duka langu la steshenari. Alinifundisha ridhim tu. Solo hakunifundisha hata mstari mmoja.

Alikuwa na wimbo aliouita ule wa Kinjumbi. Aliutunga mwenyewe baada ya kurudi huku Kusini, kwa hiyo hakuna bendi iliyowahi kuupiga wala redio iliyowahi kuurekodi. Unamhusu kijana aliyepeleka posa Kinjumbi na jibu linachelewa. Anaimba ubeti, anauliza kama mshenga amepotea njia, anaimba tena, kisha maneno yanakwisha na linaingia chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo gitaa la solo huachiwa uwanja na watu huinuka kucheza. Ndani ya chemko lile jibu la posa linafika. Hakuna neno hata moja, lakini unasikia kabisa kwamba limefika na kwamba wamekubali. Bibi ni mtu wa Kinjumbi. Kila mzee alipofika pale, Bibi aliacha alichokuwa akikifanya jikoni, akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi, akijifanya kuna kitu anakitafuta.

Hicho ndicho nilichotaka kukirekodi. Sikutaka santuri nzima, sikutaka umaarufu. Nilitaka wimbo mmoja, na hasa chemko lake, ubaki mahali ambapo mtu anaweza kuusikia mzee akishaondoka.

Alikuwa mrefu, mkavu, na kucha ya dole gumba la kulia aliiacha ikue, akaipaka mafuta ya nazi kila asubuhi. Gitaa alilihifadhi ndani ya kanga kuukuu ya Bibi. Ukiligusa bila ruhusa, ugomvi. Ukiingia na simu, ugomvi mwingine. Simu yako ilikaa kwa Bibi, kwenye kapu la vitunguu, mpaka unapoaga. Hilo lilikuwa na sababu yake. Mtu fulani alimpiga video harusini Kivinje, mzee akiwa amefumba macho na mdomo umempinda upande mmoja, kama wapiga solo wanavyofanya wakikolea. Ile video ikazunguka kwenye makundi ya simu na vicheko chini yake, na vijana wa hapa wakawa wanampindia mdomo barabarani. Yeye alicheka nao. Ila tangu siku hiyo hakupiga tena mbele ya simu ya mtu, na kwa hilo simlaumu hata kidogo. Niliyemjua kwamba ndiye aliyeisambaza sikumtolea kivuli cha karatasi dukani kwangu kwa muda mrefu.

Mwezi wa Ramadhani alilegeza nyuzi zote, akalitundika gitaa ukutani ndani ya kanga yake, akasema nalo limefunga. Lakini alasiri, tukingoja kufuturu, ungemkuta kibarazani vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya paja. Bibi akimwambia, "Wewe mwanamume, unafuturu kabla ya wakati," alikunja ngumi akaificha kwapani. Na adhana ikianza, mwezi wowote ule, hata tukiwa katikati ya wimbo, tulinyamaza palepale. Alizifunika nyuzi kwa kiganja, akainamisha kichwa, akangoja. Nilizoea hivyo hivyo mpaka leo mkono wangu hufanya wenyewe.

Alidai mashine zimeua muziki. Aliyasema hayo huku redio yake ndogo inaimba mchagoni mwa kitanda tangu asubuhi, na amplifaya yake, ambayo ingestahili kuzikwa zamani, akiichokonoa kwa kisu cha jikoni na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mpaka ikohoe na kuamka. Alisema hawezi kusikiliza muziki wa vijana, kisha siku ya harusi ya jirani nikamwona nyuma ya maturubai, peke yake, kichwa kinakwenda na singeli. Nilipomuuliza akasema alikuwa anafukuza nzi.

Aliniita mchumba, kama mababu wanavyowatania wajukuu, na Bibi akamjibu kila mara, "Mchukue, nipumzike." Mama yangu aliyeko Kikole aliposikia kwamba bintiye anapiga gitaa, tena nyumbani kwa mzee wa bendi, aliacha kupokea simu zangu. Mzee alipanda bodaboda mpaka Kikole bila kuniambia. Akakaa mkekani kwa mama, akala ugali na kisamvu, akamwambia, "Mwanao ana mkono usiotetereka. Mkono wa namna hiyo hauzaliwi kila nyumba." Nililisikia hilo kwa mama. Mimi mwenyewe hakuwahi kuniambia, na nilipolisikia nilifurahi kwanza, kisha nikawaka. Ikiwa mkono wangu ni mzuri hivyo, kwa nini ananinyima?

Maana alininyima kwelikweli. Wapiga solo wa zamani walikuwa na tabia moja: wakijua kuna mpiga gitaa wa bendi nyingine ukumbini, waligeuka wakampa mgongo asije akaiba vidole vyao. Ukumbini sawa. Mimi nilikuwa chumbani kwake, kwenye kigoda, ninanywa uji wa mke wake. Hata hivyo kila tulipokaribia chemko aligeuza kiti, akaukabili ukuta wenye kalenda, akanipa mgongo. Naujua mgongo ule kuliko ninavyoijua sura yake. Najua mfupa wa bega la kushoto ulipanda wapi alipokuwa anakwenda juu, na shati lilivutwa wapi alipokuwa anashuka. Vidole sikuviona.

"Babu, nifundishe na mimi chemko."

"Wewe jenga nyumba, mchumba. Mimi ndiye mpangaji."

"Na mpangaji akihama?"

"Hajahama. Piga."

Na kabla ya kuingia alikuwa na maneno yake yale yale. Mimi nikiwa nimeshaanza mdundo, unazunguka na kuzunguka, yeye ameshageuka ukutani, alisema bila kunitazama, "Shika hapo, nakuja." Nikashika. Wakati mwingine alinichelewesha mpaka kiganja kikaniuma, anasikiliza tu, kisha ghafla anaingia, na maumivu yote nikayasahau. Kosa kubwa kuliko yote kwa mpiga ridhim lilikuwa kuacha kabla solo haijaingia. Aliwahi kunifukuza kwa kosa hilo, nikarudi siku iliyofuata na samaki kwenye mfuko kumwomba radhi.

Basi nikaanza kutafuta saundi kadi. Ni kiboksi kidogo: upande mmoja unachomeka waya wa gitaa, upande wa pili unakiunganisha na kompyuta, na unachokipiga kinaingia humo kikiwa safi, bila jogoo, bila mashine ya kusaga ya jirani, bila mvua juu ya bati. Kompyuta nilikuwa nayo, ile ya dukani ninayochapia barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Kilichobaki ni kuchagua kiboksi, na mfuko wangu haukuwa wa kuchagua sana.

Niliangalia video mtandaoni mpaka macho yakauma. Wote walionishauri walikuwa wanaume waliokaa peke yao vyumbani, ukutani wametundika magitaa ambayo hayana wapigaji. Wote walisema jambo moja: kama wewe ni mpiga gitaa nyumbani na huna fedha nyingi, usijisumbue na matundu mengi, chukua cha tundu moja. Piga gitaa la kwanza, lirekodi, kisha piga la pili juu yake. Niliona ni busara. Kilichokuwa na matundu mawili kilikuwa ghali zaidi, nikakiacha. Nikaagiza cha tundu moja kutoka Kariakoo, kikashushwa na basi Nangurukuru, nikakifuata mwenyewe na kukipakata njia nzima.

Sikujua kwamba nimenunua kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mpweke.

Nilikwenda kwake baada ya adhuhuri. Tulikuwa tumekubaliana, kwa shida sana, baada ya mimi kumwapia kwamba kiboksi hakina kamera. Alivaa shati la mikono mirefu kama anakwenda ukumbini. Bibi alizima jiko la mkaa ili mlio wa sufuria usiingie. Nikaweka kompyuta juu ya meza, nikachomeka kiboksi, nikachomeka waya wa gitaa lake. Mzee akakishika kile kiboksi, akakigeuza mbele na nyuma.

"Tundu la mwenzangu liko wapi?"

"Hakuna haja, babu. Unapiga wewe kwanza, halafu mimi nitapiga juu yako."

"Nipige na nani?"

"Na kompyuta. Inakugongea mdundo kwenye hedifoni, wewe unaufuata."

Akavaa hedifoni. Nikawasha ule mdundo. Akasikiliza kidogo, akazivua, akatazama mlango. "Nani anabisha hodi?"

Bibi alicheka jikoni. Mimi sikucheka. Nikamwambia avumilie, apige mistari miwili tu. Akapiga mstari mmoja akaacha. Kompyuta yangu ni ya zamani, sauti ilikuwa inapita ndani yake kwanza ndipo inarudi masikioni, kwa hiyo alikuwa akijisikia akiwa ameshachelewa kidogo. Alipiga tena, akaacha tena, jasho limemtoka.

"Huyu anayenifuata nyuma ni nani?"

"Ni wewe mwenyewe, babu."

"Mimi sichelewi."

Nikabadili mpango. Nikamwambia basi nitaanza mimi, nirekodi ridhim yangu yote, kisha yeye aisikilize kwenye spika na apige juu yake. Hapo ndipo alipopandisha sauti, na mimi pia.

"Yaani unipigie halafu uondoke? Nikitaka kukaa pale juu zaidi, utajuaje? Utanisubiri?"

"Nitakuwa nimekaa hapahapa!"

"Utakuwa umekaa, lakini hupigi. Mimi sijawahi kupiga na mtu asiyenisikia. Tukienda kurekodi redioni tulikaa chumba kimoja, bendi nzima, mmoja akikosea tunaanza wote. Nikikosea na hicho kidude chako, nimtazame nani?"

"Kwani unanitazama, babu? Unatazama ukuta! Miaka yote hii unatazama ukuta!"

Bibi alitokea mlangoni. Sikuwahi kabla ya hapo kumpigia mzee kelele, si yeye wala mwingine. Yeye akaanza kulifunga gitaa kwenye kanga taratibu, kona moja baada ya nyingine.

"Nautazama ukuta, lakini nakusikiliza wewe," akasema. "Kirudishe dukani. Waambie wakupe chenye matundu mawili."

Kurudisha dukani! Nilipopiga simu Kariakoo yule muuzaji alinicheka waziwazi. Nikajaribu njia nyingine, nikanunua kiunganishi cha kuingiza waya mbili kwenye tundu moja. Mzee akakubali kujaribu, nami nikadhani tumepona. Kumbe kwa njia ile magitaa mawili yanakuwa yamefungwa pamoja, na mmoja akipunguza sauti ya gitaa lake, wote wawili wanapotea. Na yeye kila alipoimba alipunguza, ilikuwa mazoea yake tangu ujana, anapunguza aimbe kisha anaongeza aingie. Tukafika ubeti wa kwanza, akazungusha kitufe, na sote tukazimika. Nikamsihi asikizungushe. Akasema hawezi kuimba na gitaa linapiga kelele kama muuza samaki. Nikamwambia kwa wimbo mmoja tu, babu, kwa mara moja, ubadili mazoea. Akasema, "Wewe badili kiboksi."

Nikaondoka bila kuaga. Na hapa ndipo penye hasira yangu yote, kwa hiyo nitasema wazi. Siku ile vidole vyake vilikuwa vizima. Kiboksi kilikuwepo, kibaya, kidogo, lakini kilikuwepo na kilikuwa kinafanya kazi. Angenionea huruma akapiga peke yake, hata kwa kuchelewa, hata kwa kununa, leo chemko lile lingekuwepo. Alijua ninachokitaka. Alijua pia umri wake. Akachagua kushinda ubishi.

Tulinuniana. Akipita mbele ya duka nilikuwa namwamkia, "Shikamoo babu," naye anaitika, "Marahaba, mchumba," kisha basi. Wakati huo nilikuwa nakusanya. Msimu wa korosho mama alinipa sehemu ya mauzo yake, yeye mwenyewe, bila kuombwa. "Kanunue hicho kitu cha mzee wenu," akasema, "maana tangu mnuniane na wewe huli." Nikaagiza cha matundu mawili. Kina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta, na juu ya kila tundu kina taa ndogo inayowaka kijani sauti ikiingia. Nilikifungua dukani, nikakiwasha, nikachomeka gitaa langu kwenye tundu la kwanza. Nilitaka nimpelekee Ijumaa baada ya swala, nikiwa na maneno yangu nimeyapanga.

Kabla ya Ijumaa hiyo akaanguka bafuni. Walimkimbiza hospitali Lindi, na aliporudi upande wa kushoto ulikuwa haumsikii. Mguu ulijikokota. Mkono ulining'inia. Kwa mpiga gitaa wa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi, ndio unaojua wimbo. Nilipokwenda kumwona nilisalimia, nikamwambia cha matundu mawili kimefika, nikatoka nje, nikalia nyuma ya choo chao kwa uchungu na kwa hasira kwa pamoja, nikaona aibu kwa ile hasira, na haikuondoka.

Muda ukapita. Siku moja Bibi akanifuata dukani mwenyewe, kajifunga kanga vizuri. "Anakuita. Anasema uje na kile cha matundu mawili."

"Bibi, mkono wake…"

"Mimi nimetumwa."

Nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa lile shati la mikono mirefu. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, kama kwenye ile video, na safari hii haukuwa unarudi. Gitaa lilikuwa mapajani, kanga imeshafunguliwa. Nikachomeka waya wake tundu la kwanza, wangu la pili, akanizuia kwa mkono wa kulia, akanionyesha nibadili. Ridhim kwanza. Nikabadili, nikawasha na maikrofoni ya kompyuta ichukue sauti yake ya kuimba, nikabonyeza kurekodi. Akakitazama kiboksi, akatikisa kichwa akiridhika, na ule utulivu wake nusura unitie wazimu.

"Nigeuze," akamwambia Bibi. Maneno yalimtoka mazito.

Nilidhani anataka ukuta wake. Bibi akakishika kiti, akakigeuza, na mzee akanikabili mimi. Magoti yetu yalikaribia kugusana. Tangu nianze kumpigia sikuwahi kuiona sura yake tukiwa na magitaa mikononi.

"Tazama vidole," akasema.

Nikaanza mdundo wa Kinjumbi. Taa yangu ikawaka kijani. Hakuimba, beti aliziruka zote. Akauchukua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama unavyombeba mtoto aliyelala, akaupandisha kwenye shingo ya gitaa. Ukateleza. Akaupandisha tena, ukateleza. Bibi akaketi pembeni yake chini, akavishika vile vidole na kuvikandamiza kwenye nyuzi kwa vidole vyake mwenyewe, vidole vya mtu aliyezoea kukuna nazi, asiyejua wapi pa kubonyeza.

"Juu," mzee akamwambia. "Juu tena. Hapo."

Akapiga kwa kucha ya dole gumba. Ikatoka sauti moja. Taa ya pili ikawaka kijani. Bibi akasogeza, ikatoka ya pili, nusu yake imekufa. Ya tatu ilikuwa kishindo tu cha uzi usiobonyezwa. Wakajaribu tena, na tena, Bibi anakandamiza mpaka kucha zake zimekuwa nyeupe, mimi nazunguka, nazunguka, natazama vidole kama nilivyoambiwa, na vidole havina cha kunionyesha. Mwisho mzee akamtoa Bibi mkono. Akafumba macho.

"Shika hapo," akaniambia. "Nakuja."

Nikashika. Kiganja kikaanza kuniuma, nikashika. Kwa hasira nilitaka kulitupa gitaa, nilitaka kumwuliza mbele ya mke wake ni kwa nini hakunigeukia wakati ule ambapo kulikuwa na cha kuona. Mkono haukusimama. Bibi alinitazama akiniuliza kwa macho kama niache, nikakataa kwa kichwa. Tukakaa hivyo hadi adhana ya alasiri ilipoanza. Nikazifunika nyuzi. Mzee akainamisha kichwa, na adhana ilipokwisha alikuwa amelala.

Hakuniita tena. Baada ya maziko, Bibi akiwa bado yuko ndani kwenye eda, nilikwenda kumpelekea unga na mafuta. Aliponiona tu akaniuliza.

"Wote waliitikia. Wewe kwa nini hukumsamehe?"

Nilirudi dukani nikachukua kompyuta, nikaiweka juu ya mkeka mbele yake, nikafungua ile rekodi. Ridhim yangu ikajaa chumba, safi kabisa, kile kiboksi ni kizuri. Zikasikika zile sauti mbili, na kile kishindo. Ikasikika pumzi yake yeye mwenyewe Bibi akikandamiza. Kisha mzee akasema, "Shika hapo. Nakuja." Kisha ridhim, ridhim tupu, inazunguka na kuzunguka.

Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono shavuni. Alisikiliza yote, mpaka adhana.

"Hakuingia," akasema.

"Hakuingia, Bibi."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, na aliponitazama macho yake yalikuwa makavu.

"Basi hata mimi simsamehe," akasema. "Rudisha mwanzo."